Tundu la Kamera na Madai ya Ukweli

Macho hayana pazia, husema Waswahili. Na maana ya neno hilo ni kwamba mtu hawezi kulizuia jicho lake lisione kilicho mbele yake. Jicho la kamera halikuumbwa hivyo. Katikati ya vioo vyake liko pazia lenye tundu, na tundu hilo mpiga picha hulipanua au kulifinya apendavyo. Kazi yake ya kwanza, ijulikanayo na wengi, ni kupima mwanga uingiao. Kazi yake ya pili haijulikani sana, nayo ndiyo iliyozusha ugomvi mrefu: tundu huamua ni vitu vingapi, toka vya karibu hadi vya mbali, vitakavyoonekana dhahiri katika picha, na vingapi vitakavyofunikwa na ukungu. Kwa muda wa karibu miaka mia moja wapiga picha wa Ulaya na Marekani waligawanyika juu ya jambo hili. Wengine walidai kwamba picha ya kweli ni ile ambayo kila kilichomo kinaonekana wazi. Wengine walidai kwamba picha ya namna hiyo ndiyo ya uongo. Historia ya tundu la kamera ni historia ya madai hayo mawili, nayo huonyesha kwamba udhahiri na ukweli ni vitu mbalimbali, ijapokuwa mara nyingi vimepewa jina moja.

Sababu ya jambo lenyewe si ngumu kueleza. Lenzi hukusanya miali itokayo katika nukta moja ya kitu na kuikutanisha tena nyuma yake iwe nukta moja. Toka lenzi hadi mahali pa kukutana, miali hiyo ina umbo la pia, pana penye lenzi na nyembamba nchani. Kitu kilicholengwa na lenzi, ncha ya pia yake huangukia sawasawa juu ya bamba au filamu. Kitu kilicho karibu zaidi au mbali zaidi, ncha yake huangukia nyuma ya filamu au mbele yake, na juu ya filamu hutokea duara dogo badala ya nukta. Maduara hayo yakipandana, ndiyo ukungu. Sasa tundu likifinywa, pia yote hukonda na duara hupungua. Likipungua hata jicho la mtazamaji lisiweze kulitofautisha na nukta, kitu hicho huhesabiwa kuwa dhahiri ingawa hakikulengwa. Umbali ulioko baina ya kitu cha karibu kabisa na cha mbali kabisa vilivyohesabiwa hivyo, ndio uitwao hapa kina cha udhahiri.

Ukubwa wa tundu hauandikwi kwa milimita. Huandikwa kwa namba ipatikanayo kwa kuugawa urefu wa fokasi, yaani umbali toka lenzi hadi mahali inapokutanisha miali ya vitu vya mbali sana, kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 huwa na namba 2. Tundu likifinywa hadi milimita 3 na kidogo, namba hupanda kufika 16. Basi namba kubwa ni tundu dogo, na namba ndogo ni tundu kubwa, jambo liwachanganyalo wanafunzi wengi. Lenzi hiyo ikimlenga mtu aliye mita 3 mbele ya kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, kwa namba 2 udhahiri utaanza kwenye mita 2.8 na kwisha kwenye mita 3.2: uso utaonekana vema, na ukuta ulio mbali nyuma yake utapotea. Kwa namba 16 udhahiri utaanza kabla ya mita 2 na kufika karibu mita 7. Kina kilichokuwa chini ya nusu mita kimekuwa mita 5. Lakini faida hiyo haipatikani bure. Mwanga uingiao sasa ni sehemu moja tu ya 64 ya ule wa kwanza, na picha iliyopigwa kwa sehemu ya 500 ya sekunde sasa inadai sehemu ya 8 ya sekunde, muda ambao mtu atembeaye huwa ameshaacha alama ya ukungu. Tundu dogo hununua nafasi kwa kulipa wakati. Biashara hiyo itaonekana tena na tena katika mambo yafuatayo.

Neno kamera asili yake ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Na kamera ya kwanza ilikuwa chumba kweli, chumba cha giza chenye tundu ukutani, ambamo taswira ya vitu vya nje huonekana kichwa chini katika ukuta wa pili. Mtaalamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Cairo hadi alipofariki yapata mwaka 1040, aliandika risala juu ya sura ya jua linapopatwa. Alieleza kwamba jua lililoliwa upande, miali yake ikipita katika tundu dogo, huchora umbo la hilali ukutani. Tundu likipanuliwa, hilali hupotea na kubaki duara. Wengi kabla yake walikuwa wameona taswira katika giza, lakini yeye aliuliza kwa nini ukubwa wa tundu uigeuze. Katika mwaka wa 1568 Daniele Barbaro wa Venice aliwashauri wachoraji watie katika tundu kioo cha miwani ya mzee, kisha wakifunike kandokando na kuacha uwazi mdogo katikati, taswira ipate kuwa kali. Kioo kilileta mwanga zaidi, na kifuniko kilileta udhahiri. Na tangu hapo viwili hivyo vimekuwa vikivutana.

Wachoraji hao hawakuwa na haja ya kuhesabu dakika, kwa kuwa mkono wa mtu ndio ulionakili taswira. Mambo yaligeuka pale bamba lenye dawa lilipoushika mahali pake mkono. Lenzi aliyoitumia Louis Daguerre huko Paris ilikuwa na tundu lenye namba ya 15 hivi, kwa sababu kingo za lenzi za siku zile zilipotosha taswira na ilibidi zizibwe. Bamba lake la fedha nalo lilikuwa zito kupokea mwanga. Katika mwaka wa 1838, toka dirisha la juu, alipiga picha ya Boulevard du Temple, mojawapo ya njia zenye watu wengi katika mji ule. Mapaa, mabomba ya moshi, madirisha na miti yalitokea dhahiri toka karibu hadi mbali. Njia yenyewe ilitokea tupu. Magari ya farasi na watu wote waliopita kwa muda wa dakika zile walikwenda upesi kupita uwezo wa bamba kuwashika. Alibaki mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu vyake, na dalili hafifu ya aliyemhudumia. Mmarekani Samuel Morse alipoiona picha hiyo mwaka 1839 aliwaandikia watu wa kwao juu ya ajabu hii, ya kwamba njia iliyojaa watu imeonekana kama mahame.

Picha hiyo yafaa ikumbukwe kila inaposemwa kwamba kamera haisemi uongo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila jiwe liko mahali pake. Walakini jambo kubwa kuliko yote, yaani watu wa Paris, halimo. Na lililoliondoa ni masharti yaleyale yaliyoyafanya mawe yaonekane.

Uso wa mtu haukuweza kungoja kama ukuta. Ndipo mwalimu wa hesabu wa Vienna, Josef Petzval, alipoitengeneza kwa hesabu, mwaka 1840, lenzi ya namba 3.6, akisaidiwa katika kazi ya kukokotoa na askari wa mizinga wa jeshi la Austria waliozoea hesabu. Lenzi hiyo, iliyoundwa na kuuzwa na nyumba ya Voigtländer, ilipitisha mwanga mara 17 hivi kuliko ile ya Daguerre, na muda wa kukaa mbele ya kamera ukashuka toka dakika nyingi hata kuwa chini ya dakika moja. Biashara ya picha za watu ilienea. Lakini malipo yalidaiwa upande wa pili: macho ya mtu yalikuwa dhahiri, masikio yalianza kufifia, na pembe za picha zilizama katika ukungu. Watu waliuzoea ukungu huo, na baadaye waliupenda. Katika mwaka wa 1858 John Waterhouse wa Halifax, Uingereza, aliwatolea wapiga picha seti ya vibati vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali, vya kuchomekwa katika ufa wa mwili wa lenzi. Baadaye vibati hivyo vilishindwa na kifaa chenye bapa nyembamba zinazofumba na kufumbua pamoja, mfano wa mboni ya jicho. Hapo ndipo palipogeuka mambo. Kabla yake tundu lilikuwa sharti la lenzi. Sasa lilikuwa hiari ya mtu, na penye hiari pana lawama.

Mtu wa kwanza kulaumiwa sana alikuwa mwanamke. Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1815, alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwishoni mwa mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Alikaa Freshwater katika kisiwa cha Wight, na mbele ya kamera yake waliketi watu mashuhuri wa zama zake: Tennyson mshairi, Herschel mnajimu, Darwin mwana elimu ya viumbe. Alitumia bamba kubwa, lenzi ndefu na tundu pana, akamkaribia aliyekaa hadi uso ukajaa picha. Kwa hali hiyo kina cha udhahiri hupungua sana, na huenda nyusi zikaonekana vema na nywele zisionekane. Wakubwa wa chama cha wapiga picha waliona ni uzembe, au kutojua kazi. Yeye alimwandikia Herschel akihoji ni nani mwenye haki ya kuamua kipi ndicho kipimo halali cha udhahiri. Na baadaye alieleza kwamba, alipokuwa akiisogeza lenzi, aliacha pale taswira ilipompendeza, hakuendelea hadi mahali ambapo wengine wangeshika ukali wote. Swali lake lilikuwa zito kuliko majibu aliyopewa. Kama kipimo cha duara linalokubaliwa kuwa nukta hutegemea jicho la mtazamaji, ukubwa wa picha na umbali wa kuitazama, basi udhahiri si sheria ya maumbile peke yake. Una mapatano ya watu ndani yake.

Peter Henry Emerson, aliyesomea udaktari kisha akapiga picha za wakulima na wavuvi wa mabwawa ya Norfolk, alitaka kuuondoa ugomvi huo kwa sayansi. Katika kitabu chake cha mwaka 1889, akitegemea elimu ya jicho iliyoandikwa na Helmholtz, alisema kwamba jicho la mtu halioni yote sawasawa. Huona kwa ukali sehemu ndogo ya katikati tu, ambayo haizidi sana ukucha wa kidole gumba cha mkono ulionyooshwa; pembeni huona kwa ufifi. Kwa hiyo picha iliyo dhahiri kila mahali ni kinyume cha maumbile, na mpiga picha mwaminifu hukilenga kitu kikuu na kuviacha vingine vilegee kidogo. Hoja ilikuwa nzuri, ila ilisahau kwamba jicho halitulii. Huruka toka kitu hata kitu, na kila linapotua hukuta udhahiri, ndiyo maana mtu huamini kwamba ameona vyote. Emerson mwenyewe hakukaa sana katika msimamo wake. Utafiti wa Hurter na Driffield, uliotolewa mwaka 1890, ulionyesha kwamba mpiga picha hana uhuru alioudhania katika kuzigeuza rangi za mwanga na kivuli. Na kabla ya miaka miwili kupita tangu kitabu chake kutoka, Emerson alitangaza katika kijitabu chenye ukingo mweusi, kama tangazo la maziko, kwamba fundisho lake limekufa.

Fundisho lilikufa kwa mwenyewe, lakini ukungu uliendelea kuishi. Kwa miaka zaidi ya 30 baada yake, wale waliotaka picha ihesabiwe kuwa sanaa waliifanya ifanane na uchoraji: walitumia lenzi laini, karatasi za kukwaruza, na dawa zilizowawezesha kupaka na kufuta kwa brashi. Upinzani ulipotokea California, ulichukua jina lake katika namba ya tundu. Katika mwaka wa 1932 wapiga picha saba wa pande za San Francisco walijiunga: Ansel Adams, Imogen Cunningham, John Paul Edwards, Sonya Noskowiak, Henry Swift, Willard Van Dyke na Edward Weston. Husimuliwa kwamba jina lililotajwa kwanza lilikuwa US 256, kwa hesabu ya zamani ya matundu, likaachwa kwa kuogopa watu watalidhania kuwa namba ya barabara kuu. Tundu ni lilelile, ila kwa hesabu iliyokuwa ikienea huitwa f/64. Tarehe 15 Novemba 1932 walifungua maonyesho ya picha 80 katika jumba la makumbusho la M. H. de Young, San Francisco, pamoja na wageni wanne walioalikwa. Tamko lao lilisema kwamba picha safi ni ile isiyoazima ufundi, mpango wala wazo kwa sanaa nyingine.

Kwa nini 64? Wengi wao walitumia kamera nzito za miguu mitatu, zenye filamu za ukubwa wa inchi 8 kwa 10, na picha ilisafishwa kwa kuilaza filamu juu ya karatasi bila kuikuza. Filamu kubwa hudai lenzi ndefu, na lenzi ndefu hupunguza kina cha udhahiri. Kwa hiyo tundu lilibidi lifinywe sana. Kwa kweli, kamera mbili zikitazama mahali pamoja kwa upana mmoja, namba 64 kwa filamu ya inchi 8 kwa 10 huleta kina kilekile ambacho kamera ndogo ya milimita 35 hukipata kwa namba 8 hivi. Jina lilisikika kama ukali wa mwisho, kumbe kwa kamera nyingine ni jambo la kila siku. Tena tundu haliwezi kufinywa bila mwisho. Mwanga upitao katika tundu dogo mno hupinda kingoni na kutawanyika, na kila nukta huvimba upya. Lord Rayleigh aliyaeleza mambo haya mwaka 1891 alipoandika juu ya picha zipigwazo kwa tundu la sindano. Afinyaye tundu kwa kutamani udhahiri wote, mwishowe huupoteza wote.

Kundi hilo lililipa bei yake kwa wakati. Weston alipoipiga picha ya pilipili hoho yake mashuhuri mwaka 1930, akiwa ameiweka ndani ya mdomo wa faneli la bati, aliandika katika shajara yake kwamba filamu ilipokea mwanga kwa dakika sita. Pilipili hoho haitikisiki, wala mwamba, wala gamba la bahari. Na vitu vya namna hiyo vilijaa katika kazi zao. Hapo ndipo lawama ya pili ilipotokea. William Mortensen, mtetezi wa picha za kutunga, alibishana nao katika jarida la Camera Craft juu ya sanaa. Lakini wengine waliwauliza jambo zito zaidi. Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Wakulima walikuwa wakihama na watoto wao barabarani, na wasio na kazi walipanga foleni za mkate. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyepiga watu mbioni kwa kamera ndogo ya mkononi, aliona ajabu kwamba dunia inavunjika na mabwana Adams na Weston wanapiga mawe. Swali hilo lilikuwamo hata ndani ya kundi. Mwaka 1934 Van Dyke alionyesha katika nyumba yake ya picha huko Oakland kazi za Dorothea Lange, aliyekuwa akiwapiga wasio na kazi. Na baada ya muda mfupi yeye mwenyewe aliiacha kamera ya miguu mitatu akaingia katika filamu za habari za kweli. Kundi halikuendelea kwa miaka mingi.

Madai ya tundu dogo yalipata mtetezi mwingine katika sinema. Mpiga picha Gregg Toland, katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, aliwaweka wazazi wakitia sahihi mapatano ndani ya nyumba, na nyuma yao, kupitia dirishani, mtoto anayeamuliwa maisha yake akicheza katika theluji. Wote dhahiri kwa pamoja. André Bazin, mhakiki wa Ufaransa, aliisifu namna hiyo kwa kuwa humwachia mtazamaji uhuru wa kuchagua atazame wapi, hali ukungu humchagulia. Sifa hiyo ina haki yake. Lakini katika filamu hiyohiyo iko picha ya glasi na chupa ya dawa karibu kabisa, mwanamke kitandani, na mlango kwa mbali unaovunjwa, vya mbele na vya nyuma vyote dhahiri. Na tundu peke yake halikuweza kuyafanya hayo. Filamu moja ilipitishwa katika kamera mara mbili, kwanza kwa vya mbele, kisha kwa vya nyuma. Udhahiri huo wa kumwachia mtu uhuru ulikuwa umetungwa.

Mfano ulio mzito kuliko yote umo katika kazi za Ansel Adams mwenyewe. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri ambayo kwayo watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, waliondolewa majumbani mwao katika pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Kambi moja ilikuwa Manzanar, California, chini ya milima ya Sierra Nevada, nayo ilipojaa ilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Lange aliajiriwa na serikali kupiga picha za jambo hilo mwaka 1942, na nyingi kati ya picha zake jeshi lilizizuia zisionekane vita vilipokuwa vikiendelea. Adams alikwenda Manzanar mwaka 1943, akawapiga watu kwa karibu, uso kwa uso, na mwaka 1944 akatoa kitabu cha kuwatetea, kiitwacho Born Free and Equal. Watu wengine walikichukia kitabu hicho wakati ule wa vita, na katika mwaka wa 1965 aliikabidhi kazi hiyo yote kwa Maktaba ya Bunge la Marekani.

Walakini picha ya Manzanar iliyosafiri duniani kuliko nyingine ni ile ya mlima Williamson, aliyoipiga mwaka 1944. Mbele kabisa yako mawe makubwa, moja baada ya jingine. Nyuma yao mlima. Juu ya mlima mawingu yanayopasuliwa na miali ya jua. Toka jiwe la mguuni hadi kilele cha mbali, yote ni dhahiri. Ni utimilifu wa yale yaliyotakwa na kundi la mwaka 1932. Picha hiyo ilikuzwa na kuwekwa katika maonyesho ya The Family of Man, New York, mwaka 1955, na watu wengi waliitazama. Katika picha hiyo hakuna seng'enge, hakuna mnara wa walinzi, hakuna banda, hakuna mtu. Kambi ilikuwa hapo karibu, nje ya ukingo. Si haki kusema kwamba Adams aliificha, kwa kuwa aliipiga kambi na watu wake katika picha nyingine, na kwa ujasiri. Lakini ni haki kusema kwamba tundu dogo, ambalo lilidaiwa kuwa shahidi asiyebagua, halikuweza kusema neno juu ya kilichokuwa nje ya mipaka iliyowekwa na mtu. Mwaka 1838 njia ya Paris ilitolewa watu na wakati. Mwaka 1944 bonde la Manzanar lilitolewa watu na ukingo wa picha. Katika zote mbili udhahiri ulikuwa mkamilifu.

Katika zama hizi ugomvi huo umeingia mikononi mwa kila mtu. Lenzi ya kamera ya simu ina urefu wa fokasi wa milimita chache tu, na kwa hiyo hata namba yake ikiwa ndogo, tundu lenyewe ni dogo mno na kina cha udhahiri ni kikubwa. Ukungu mzuri nyuma ya uso, ambao zamani ulikuwa alama ya tundu pana, hauwezi kupatikana kwa njia ya kawaida. Tangu mwaka 2016 hivi simu nyingi huutengeneza kwa hesabu: programu hukadiria ni kipi kilicho karibu na kipi kilicho mbali, kisha hupaka ukungu juu ya vile ilivyovihukumu kuwa vya nyuma. Mara nyingine hukosea, ikafuta ncha za nywele au mkono wa miwani. Ukungu huo hauna tena sababu katika mwanga. Una sababu katika makisio. Hata hivyo watazamaji huupokea kwa maana ileile waliyofundishwa na lenzi za Petzval, ya kwamba aliye mbele ndiye wa kuangaliwa.

Basi mtu wa historia atazamaye picha kama hati ana kazi zaidi ya kusoma kinachoonekana. Picha yenye ukungu hukiri uchaguzi wake waziwazi: kitu kimoja kimependelewa na vingine vimeachwa. Picha iliyo dhahiri kila mahali nayo imechagua, ila uchaguzi wake umejificha katika dakika ilizodai, katika vitu vilivyoweza kuzingoja dakika hizo, na katika ukingo ulioizunguka. Kwa hiyo aulizwe kwanza mpita njia ambaye bamba halikumngoja, na jirani aliyekuwa hatua chache nje ya ukingo. Cameron aliuliza ni nani mwenye haki ya kuamua kipimo cha udhahiri. Na tangu siku hiyo kila mshika kamera, akijua au asijue, amelijibu swali hilo kwa tundu aliloliacha wazi.